Kabla Hujalipia Mazabodi, Igeuze Uone Kama Ina Kitufe Hiki

Haya wadau, karibuni tena. Mezani leo nina mazabodi ya B650, lile bamba kubwa linalobeba vifaa vyote vya kompyuta, na prosesa ya AMD, Ryzen 7 9800X3D, na najua tayari kuna mtu anaandika kule chini, "Mbona hukuchukua X870E, ile mazabodi ya bei kubwa?" Tulia ndugu yangu. Nitafika huko, na nitafika nikiwa na hasira kidogo.

Sifa za prosesa sizisomi. Kore nane, keshi (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) MB 96, mmeshazikariri kuliko mimi. Nataka niwaonyeshe kitu kimoja. Kamera isogee huku nyuma, kwenye matundu ya USB. Hapo. Mnakiona hicho kitufe kidogo ambacho ukipita haraka hukioni? Mimi mazabodi hii nimeichukua kwa ajili yake. ASUS wanakiita BIOS FlashBack, MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte wao wana Q-Flash Plus. Kila mtu na jina lake, kazi ni ileile: unaweka BIOS mpya, ile programu ya mazabodi inayoamsha kompyuta, bila prosesa, bila RAM, bila kadi ya picha.

Utaniuliza, ya nini? Sikia. Mazabodi za B650 zilianza kuuzwa Oktoba 2022. Prosesa hii imetoka Novemba 2024. Ukipata mazabodi iliyokaa ghalani tangu mwanzo, BIOS yake haijawahi kusikia habari za 9800X3D. Utafunga kila kitu vizuri, utawasha, feni zitazunguka, taa zitang'aa, na skrini itabaki nyeusi. Ili ibadilishwe BIOS inataka kompyuta inayowaka, na kompyuta haiwaki kwa sababu ya hiyohiyo BIOS. Hapo ndipo watu wanapoanza kuazima prosesa za watu, au wanarudisha mzigo dukani wakidhani ni mbovu.

Sasa kaeni mkao wa kula, tunaifanya laivu. Mazabodi iko juu ya boksi lake, soketi tupu, kile kifuniko cha plastiki bado kipo. Kiacheni hapohapo, kwa sababu kwenye AM5, soketi ya prosesa hizi za AMD, pini zote 1718 ziko upande wa mazabodi, na ukiipinda moja kwa ukucha umeumia. Nachomeka waya wa pini 24 kutoka kwenye pawa saplai, na ule wa pini nane wa prosesa, kule juu kwenye kona. Basi. Hakuna kingine.

Flashi nimeifomati kwa FAT32. BIOS nimeishusha kutoka kwenye ukurasa wa mazabodi hii hii, siyo ndugu yake mwenye jina linalofanana. Halafu jina la faili, hapa ndipo watu wengi wanapokwama. MSI wanataka liitwe MSI.ROM. Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin. ASUS wanakupa kiprogramu kidogo ndani ya zipu, unakibofya na kinabadilisha jina chenyewe. Usipobadilisha, kitufe utakibonyeza mpaka kidole kichoke. Na angalia tundu unalochomeka, siyo lolote tu. Lile lenye alama, hili hapa, limezungushiwa mstari mweupe.

Nawasha swichi ya pawa saplai. Kompyuta yenyewe siiwashi. Nabonyeza na kushikilia... moja, mbili, tatu... naachia. Taa imeanza kupepesa! Kuanzia sasa hakuna kugusa waya wowote hapa. Umeme ukikatika katikati, ni kuomba Mungu na kuanza upya.

Hii inachukua dakika kadhaa, kwa hiyo wakati inapepesa tupige soga.

Prosesa. Kwa nini X3D, yaani zile zenye keshi ya ziada? Kwenye 5800X3D na 7800X3D ile keshi ya ziada ilikuwa imebandikwa juu ya kore, kwa hiyo joto la kore lilibidi lipite ndani yake kabla ya kufika kwenye kipoza joto. Kwenye 9800X3D wameigeuza, keshi iko chini, kore ziko juu karibu na ubaridi. Ndiyo maana hii inafika GHz 5.2 wakati 7800X3D inaishia 5.0, na wameruhusu uipandishe kasi mwenyewe. Kwa gemu, hasa zile za kusaka fremu nyingi kwenye skrini ya 1080p, ni balaa. Naipenda, sifichi.

Ila sasa, tuseme ukweli. Kama unacheza kwa 4K, mzigo wote uko kwenye kadi ya picha, na hii prosesa itakuwa imekaa inamsubiri mwenzake. Kwa mtu wa kawaida, gemu kidogo, kazi za ofisi, video moja moja, Ryzen 5 7600 inatosha kabisa. Kore sita, wati 65, na ndani ya boksi unakuta kipoza joto chake. 9800X3D haiji na kipoza joto, hiyo ni gharama nyingine juu ya gharama. Na 7600 ina picha zake za ndani, kwa hiyo unaweza kuanza bila kadi ya picha ukajikusanya taratibu. Nimeanza video nikiisifia hii, na sasa nawaambia wengi wenu msiinunue. Ndiyo hivyo.

Bado inapepesa.

Intel, mtanisema nina upande. Core Ultra 7 265K ni prosesa nzuri kwa wanaohariri video na kurenda, kore ishirini siyo mchezo, na Quick Sync yao, ile sehemu ya prosesa inayoharakisha kazi za video, mimi naiheshimu. Ila kwa gemu, ilipotoka Oktoba 2024 ilishindwa kuwafurahisha watu, sehemu nyingine hata ile 14900K ya kabla yake iliipita. Na tatizo langu kubwa na Intel ni soketi. LGA1700 imebeba kizazi cha 12, 13 na 14, halafu kwaheri, ukaja LGA1851, na mazabodi yako ya zamani haiingii. AMD wamesema AM5 wataendelea nayo mpaka 2027 na kuendelea. Leo unaweka 7600, baadaye unachomoa unaweka kitu kikubwa zaidi, mazabodi ileile. Na siku hiyo unamhitaji nani? Kitufe!

Tena msidhani BIOS ni ya kutambua prosesa mpya tu. Mnakumbuka sakata la Intel kizazi cha 13 na 14? Prosesa zilikuwa zinapewa volti nyingi kuliko zinavyostahili, zinachakaa, mashine zinazima ovyo. Agosti 2024 ikaja maikrokodi 0x129, yaani maelekezo ya ndani ya prosesa, kuzuia hilo, na ilifika kwa watu kupitia BIOS. Ambayo ilishachakaa haikupona, Intel wakaongeza miaka miwili ya waranti. AMD nao wasijichekee: 2023 kuna 7800X3D na ndugu zake ziliungua kwenye soketi, zikatoka BIOS za kubana volti ya SoC, sehemu ya prosesa inayosimamia RAM na mengineyo, isipite 1.3. Kwa hiyo mtu akikwambia "BIOS kama inafanya kazi usiiguse", mwambie hiyo sheria ilishapitwa na wakati.

Hasira yangu sasa. X870E. Chipu iliyo ndani ya X870 ni ileile ya B650. Ileile! X870E zinakuwa mbili, kama X670. Unacholipia ni kwamba USB4 ni lazima iwepo, na PCIe 5.0, njia ya kasi ya kusafirishia data, kwenye kadi ya picha. Na hiyo USB4 inakula njia nne za prosesa, kwa hiyo kwenye baadhi ya mazabodi ukijaza SSD kwenye tundu la pili, kadi yako ya picha inashushwa kutoka x16 hadi x8, yaani njia 16 zinabaki nane. Umelipa zaidi, umepata pungufu. Imeandikwa kwenye mwongozo, ukurasa ambao hakuna anayeufungua. Fungueni. Halafu Januari 2025 wakaleta B840, jina limekaa pembeni ya B850 kama mapacha, kumbe hairuhusu hata kupandisha kasi ya prosesa. Huyo aliyechagua majina hayo simwelewi.

Isipokuwa, naomba nisieleweke vibaya, kama unaweka 9950X, kore 16, wati 170, unarenda masaa, hapo mazabodi nyepesi isiyo na bamba la chuma juu ya VRM, ile sehemu inayoipa prosesa umeme, itachemka na kupunguza kasi. Huyo mtu alipe. Sisi wengine hapana.

Habari ya chaneli haraka: maikrofoni ni mpya, nimeona maoni yenu kuhusu mwangwi, na video ya pawa saplai ipo njiani, mmenidai sana hiyo.

Ehee! Taa imezima. Nangoja kidogo, nazima swichi, naweka prosesa. Pembetatu ya dhahabu kwenye kona iangaliane na pembetatu ya soketi, naishusha bila kuisukuma, nafunga mkono. Mnaona kifuniko kilivyoruka chenyewe? Kihifadhini, waranti wanaweza kukiulizia. RAM vijiti viwili, DDR5 6000, tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Usijaze vinne kwenye AM5, kasi itashuka.

Nawasha. Skrini nyeusi, na kati ya zile taa ndogo za mazabodi zinazoonyesha hatua ya kuwaka, ya DRAM, yaani RAM, inawaka. Usishtuke, usizime! Inajifunza RAM, mara ya kwanza inachelewa hata dakika kadhaa. Wengi hapa ndipo wanapochomoa waya... Taa imehama, iko kwenye VGA, yaani picha... BOOT... haya, hiyo hapo. "Ryzen 7 9800X3D", imeandikwa yenyewe. Naingia EXPO, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, naiwasha, nabonyeza F10 kuhifadhi.

Wenye AM4, ile soketi ya kabla ya AM5, msinitumie meseji za huzuni. Kama una B450 au B550 na prosesa ya zamani, tafuta 5700X3D au 5800X3D, hata iliyotumika, usibomoe mashine nzima. Niandikie hapo chini una mazabodi gani na kama ina kitufe. Jina lake kamili lakini, siyo "ile nyeusi yenye taa".