Mashine ya NMR ya mezani katika idara ndogo ya kemia: uzoefu wangu

Idara yetu ni ya walimu wachache, na kwa miaka mingi NMR, yaani kipimo kinachotumia sumaku na mawimbi ya redio kuonyesha jinsi atomi, hasa za haidrojeni, zilivyopangwa ndani ya kiambata, ilikuwa mada ya ubaoni tu. Mwanafunzi akitengeneza kiambata alipima kiwango cha kuyeyuka, akapitisha sampuli kwenye mashine ya infraredi, ripoti ikaandikwa. Aliyetaka zaidi ya hapo alituma sampuli chuo kikubwa na kusubiri zamu. Sasa tunayo ya kwetu, ya mezani, ya megahezi 60 (namba hii ikiwa kubwa, sumaku ina nguvu zaidi), na nimeitumia kwenye mafunzo ya vitendo muhula mzima.

Kilichotuwezesha kuipata ni sumaku yake. Mashine kubwa zina koili zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote, na ili zifanye hivyo lazima zizamishwe kwenye heliamu ya kimiminika, yenye nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Heliamu ni ghali, hugeuka mvuke, na kuiongeza hakuna mwisho. Hii yetu ina sumaku ya kudumu. Unaichomeka kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, basi.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba mwanafunzi anaingiza tyubu kwa mkono wake na majibu anayaona palepale. Chukua ethili asetati, kimiminika kinachotengenezwa kwa ethanoli na asidi asetiki, zoezi la kawaida vyuoni. Vinatoka vilele, yaani michomozo kwenye mchoro wa skrini, vya makundi matatu, karibu na 1.3, 2.0 na 4.1 kwenye kipimo cha ppm (sehemu kwa milioni), kwa uwiano wa haidrojeni wa 3:3:2. Asiyeosha mchanganyiko wake vizuri anakuta vilele vinne vidogo vimejitokeza karibu na 3.7: ethanoli iliyobaki, imemuumbua mbele ya wenzake. Zamani nilihubiri habari ya kuosha hadi sauti ikakauka. Siku hizi nanyamaza, skrini inasema. Tena kimiminika safi kama hicho hakihitaji kiyeyusho cha dyuteri (haidrojeni nzito, isiyotoa vilele vyake kwenye mchoro), na anayeshika bajeti ya idara anajua hiyo ni nafuu kiasi gani.

Udhaifu upo, na muuzaji hakuugusia. Vilele hubanana. Mwachano wa hezi 7 kati ya mistari, ambao ni wa kawaida kabisa, unakula ppm 0.12 kwenye megahezi 60, lakini kwenye megahezi 400 haufiki 0.02. Kwa hiyo kwenye aspirini kilele cha kundi la asetili, karibu na 2.3, kinasimama peke yake bila shida, ila vilele vya haidrojeni nne za pete yake ya kaboni vinapandiana na kumtoa jasho anayeanza kusoma.

Kaboni ndiyo imenikatisha tamaa hasa. Kaboni-13, aina ya kaboni ambayo NMR huiona, ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote ya asili, na kwa sumaku ndogo kama hii ni lazima sampuli iwe na kiambata kingi, kisha uiache mashine ikusanye ishara usiku kucha. Sampuli kidogo ya miligramu mbili tatu? Usijisumbue.

Halafu kuna joto. Sumaku ya kudumu huyumba joto likibadilika, hivyo mashine huishikilia kwenye joto moja muda wote. Umeme ukikatika inapoa, na kuirudisha katika hali ya kupimia huchukua saa nyingi. Nunueni betri ya akiba pamoja na mashine, msingoje. Na msiiweke karibu na dirisha wala chini ya kiyoyozi.

Programu yake ni nyepesi, na faili za vipimo zinahamishika, kila mwanafunzi akachambua za kwake kwenye kompyuta yake. Mafunzo ya muuzaji yaliishia kwenye kubonyeza vitufe. Kusoma vilele tulifundishana wenyewe.

Kwa idara inayofundisha shahada ya kwanza, ningeinunua tena bila kusita. Kwa anayetafiti viambata vya mimea vyenye kaboni 20 au 30, haifai, na mimi mwenyewe sampuli zangu za namna hiyo bado nazituma nje. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na kaboni.