Pinboli ya relei au ya kompyuta?

Pinboli ni mashine ya mchezo wa kurusha gololi, na aina hizi mbili zote zina gololi ya chuma na vibao vya kuirusha, vibao vilivyopata umaarufu mwaka 1947 kwa mashine ya Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb, Chicago. Tofauti imo tumboni.

Ya relei (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), iliyotawala hadi katikati ya miaka ya 1970, haina kompyuta hata chembe. Gololi ikigonga swichi, umeme unapita kwenye koili (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku), gurudumu la namba linasogea hatua moja na kengele halisi inalia. Ukifungua kabati, unaiona hesabu ikifanyika mbele ya macho yako. Ikigoma, mara nyingi ni ncha za swichi zimechafuka. Zisugue kwa tupa ndogo, inaamka.

Ya kompyuta inakumbuka kila mchezaji amefikia wapi, kwa hiyo kanuni zake ni ndefu na tamu zaidi. Hata kuongea inaongea: mashine ya Gorgar ya kampuni ya Williams, 1979, ilianza na maneno saba tu! Ila betri ikivuja, inakula bodi ya saketi za kompyuta, na hapo tupa haisaidii kitu.

Kucheza usiku kucha, nachukua ya kompyuta. Kuifungua na kuitengeneza mwenyewe, ya relei haina mpinzani.