TAHADHARI: SSD za nje za "terabaiti 2" zinazouzwa kwa bei ya kutupa

Jamani, wanaotafuta SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia data) ya kuchomeka kwenye kompyuta ya mezani, simameni kwanza. Kuna SSD za nje za USB zinauzwa Kariakoo na kwenye kurasa za Instagram. Kasha zuri la chuma, limeandikwa terabaiti 2, bei yake hata gigabaiti 256 halisi hupati. Hizo zimechakachuliwa.

Jirani yangu mwenye stationery aliuziwa moja, akahamishia humo /home ya Ubuntu, yaani folda la mafaili yake yote kwenye mfumo huo wa Linux. Mwanzoni kila kitu sawa. Kazi za wateja zilipoongezeka, mafaili yakagoma kufunguka: majina yapo, ndani hamna kitu. Tulipolifungua kasha tukakuta kadi ya memori, zile za simu, imechomekwa kwenye kibao kidogo cha saketi na kumwagiwa gundi. Muuzaji kamblock. Kazi za watu zimepotea, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Msidanganyike na `lsblk`, amri ya Linux ya kuorodhesha diski. Yenyewe inasoma ukubwa ambao diski inajitangazia, na hawa wamebadilisha programu ya ndani iseme uongo. Kadi ikijaa, data mpya inaandikwa juu ya ile ya zamani, au inatupwa kimyakimya. (Ukiona 1.8T kwenye diski ya terabaiti 2 usishtuke, hiyo ni tofauti ya kuhesabu tu, hata halisi ziko hivyo.)

Dalili ya haraka, hata dukani ukiwa na laptop: ichomeke kwenye tundu la USB 3, andika `lsusb -t`, inaonyesha kasi ya kila kifaa cha USB. Ikisoma 480M, iache hapohapo. SSD ya kweli yenye waya wake husoma 5000M au zaidi.

Kipimo cha uhakika ni f3, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski. Kabla hujaweka faili lolote, `sudo apt install f3`, kisha `f3write` ikifuatiwa na njia ya folda ambako diski imefunguka (si /dev/...), halafu `f3read` na njia hiyohiyo. Inaijaza diski yote na kuisoma tena, kwa hiyo itachukua saa kadhaa, vumilia. Mstari wa Data LOST usiposoma sifuri, rudisha mzigo siku hiyohiyo. Ndiyo maana dai risiti yenye ukubwa wa diski. Tume ya Ushindani (FCC) hushughulikia bidhaa bandia.

Kama tayari unayo, usiandike kitu kingine humo. Nakili kwanza yanayofunguka kwenda diski nyingine.