Matairi ya BFGoodrich KO2 kwenye Hilux ya kazi: kilomita 38,000, na pancha mbili zilizonipata Nairobi

Nafunga na kukarabati pampu za sola kwenye visima. Karakana iko Industrial Area, nyumbani ni Utawala, lakini visima vyenyewe viko kaskazini mwa Kenya: Laisamis, Korr, Ngurunit, na wakati mwingine South Horr. Kila mwezi napakia Hilux ya milango minne: pampu, mabomba, kebo, jenereta ndogo, na paneli juu ya keria. Saa kumi na moja alfajiri niko Eastern Bypass. Kwa hivyo nikisema tairi ni zuri, elewa nimelitumia kwa mzigo, si kwa kwenda kuchoma nyama Kiserian.

Matairi ninayoyazungumzia ni BFGoodrich All-Terrain KO2, saizi LT265/65R17. Nilinunua mapema 2024, shilingi 43,000 kila moja, na nikachukua matano kwa sababu spea nayo ni tairi. Mume wangu alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akauliza kama yanakuja na gari lake.

Seti niliyokuwa nayo kabla ya hapo niliichagua kwa macho. Meno makubwa, mabega yamekatwa kama msumeno, bei karibu nusu ya hii. Jina silitaji, maana kosa lilikuwa langu. Niliangalia meno, nikasahau kusoma ubavu. Matairi yale yalikuwa ya gari la kubebea watu, yamevishwa tu sura ya porini. Barabara ya mawe inayotoka South Horr kwenda Loiyangalani ndiyo iliyonifumbua macho. Mawe ya kule ni ya volkano, meusi, yana makali kama chupa iliyovunjika, na ukiweka gurudumu vibaya jiwe haligusi meno kabisa. Linakuja kando. La kwanza lilipasuka saa nne asubuhi, mpasuko wa kuingia vidole viwili. Nikafunga spea. Saa saba la pili likaenda, upande uleule.

Pancha ya ubavuni haizibwi kwa plagi ya kamba. Pale kwenye meno kuna mikanda ya waya wa chuma na mpira mnene wa kushika ile kamba. Ubavuni kuna nyuzi na mpira mwembamba unaojikunja kila gurudumu linapozunguka, na kamba inatemwa. Nililala ndani ya gari. Kesho yake lori la mbuzi likanibebea tairi, nami juu yake, mpaka Loiyangalani. Fundi wa pancha, kijana mdogo tu, akaligeuzageuza, akaniambia, "Mathe, meno yako ni mazima. Ngozi ndiyo imekufa."

Niliporudi Nairobi nilienda Kirinyaga Road na sentensi hiyo kichwani. Sikuuliza tena tairi gani lina meno makali. Niliuliza ubavu una tabaka ngapi. Duka la kwanza walicheka. La pili, mzee mmoja mwenye miwani ya kamba aliinama, akanionyesha maandishi madogo ubavuni ambayo karibu kila tairi linayo, yanayosema nyuzi ziko tabaka ngapi kwenye meno na ngapi ubavuni. Matairi mengi aliyokuwa nayo ubavu ulikuwa na tabaka moja au mbili. KO2 ina tatu. Nikabonyeza kwa kidole gumba, nikahisi tofauti hata kabla halijatiwa upepo.

Kisha akanisomesha namba. Baada ya saizi kuna namba ya mzigo. Seti yangu ya zamani ilikuwa 112, maana yake kilo 1,120 kwa tairi moja. Hii imeandikwa 120/117: kilo 1,400 likiwa peke yake, na 1,285 kama yamefungwa mawili mawili pamoja kama kwenye lori. Herufi LT mwanzoni inaonyesha limeundwa kwa pikapu na malori madogo. Na lile neno wanalopenda wauzaji, "hii ni ply kumi, madam", lisikudanganye ukafikiri kuna shuka kumi zimepangwa humo. Ni kipimo cha uwezo kilichobaki tangu enzi za matairi ya pamba. Tabaka halisi ni chache, ndiyo maana ukasome mwenyewe.

Duka la tatu, ambalo pia silitaji, walikuwa na tairi hilihili kwa bei pungufu shilingi 5,000. Yalikuwa yamepangwa nje, juani, kama nanasi za kuuza. Nikachuchumaa kutafuta tarehe. Mwisho wa ule mstari unaoanza na DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Niliona 3119. Wiki ya 31, mwaka 2019. Tairi "jipya" la miaka zaidi ya minne, na sehemu ya miaka hiyo limeota jua. Muuzaji akasema, "Hiyo ni namba ya kiwanda tu." Nikamwambia asante, nikarudi kwa mzee. Yake yalisoma 4223.

Huyo wa duka la tatu ndiye pia aliyetaka kuniuzia 265/70R17, eti gari lisimame juu. Nilipiga hesabu kwenye simu. Kipenyo kinaongezeka milimita 26 hivi, kwa hivyo gari linapanda 13 tu, unene wa kidole. Spidomita ikisema 100 wewe unaenda 103 na kitu. Spea ya zamani haifai tena. Na ukipasukiwa Marsabit unatafuta saizi ambayo duka la kule huenda halina, wakati 265/65R17 inavaliwa na Prado na Hilux tele zinazopita huko. Mimi nanunua saizi ninayoweza kuiomba nikiwa mbali na nyumbani.

Alama ya mlima na theluji ubavuni? Ipo, imepita mtihani wa theluji. Sisi theluji yetu iko Batian, kileleni Mlima Kenya, na Hilux haifiki.

Sasa kwenye barabara. Kwenye lami kutoka Nairobi hadi Isiolo yanavuma ukipita 80, mvumo wa chini kama posho mill ya mbali. Unauzoea. Yeyote anayetoka kwenye matairi ya lami atasikia gari limekuwa gumu likiwa tupu na usukani mzito kidogo, na hiyo ni tabia ya matairi ya LT kwa jumla, kwa sababu ni mazito na ubavu haulegei. Mafuta pia: zamani nilikuwa napata kilomita kumi na nusu kwa lita ya dizeli, sasa ni kumi kasoro. Lami ikilowa ninaacha nafasi zaidi mbele. Meno yenye mapengo hayashiki lami ya maji kama tairi la lami, liwe la kampuni gani.

Ukitoka lami pale Laisamis unaingia ile barabara ya murram iliyotengenezwa kupitisha mitambo ya umeme wa upepo kwenda Sarima, zaidi ya kilomita 200. Barabara pana, inakudanganya ukimbie. Ina makunyanzi na kokoto kali. Hapo ndipo niliporidhika. Baada ya safari kumi na kitu meno yamechubuka kwenye kingo, kuna mikwaruzo mirefu ubavuni, lakini hakuna palipofika kwenye nyuzi. Loiyangalani nimekwenda mara tatu. Hakuna lililopasuka. Pancha mbili nilizopata zote zilikuwa Nairobi: bolti Industrial Area, na msumari kwenye jengo jipya jirani yangu Utawala.

Lakini nusu ya sifa hiyo ni ya kompresa. Hili nitalikazia, maana naona watu wananunua matairi ya shilingi laki mbili na upepo wanaweka wa kubahatisha. Nikiwa na mzigo, kwenye lami naweka upepo wa psi 36 mbele na 42 nyuma, yakiwa baridi. Nikiacha lami nashusha mpaka 28 na 34. Kwenye mawe ya volkano 26 mbele na 30 nyuma, na mwendo wa mtu anayetembea. Tairi lenye upepo kidogo hulikumbatia jiwe badala ya kugongana nalo, na abiria nao wanakushukuru. Ila usizidishe: ukishusha mno ubavu unavimba nje, unaupeleka wenyewe kwenye makali. Laga, yaani mto uliokauka, yenye mchanga mkavu ni jambo jingine, hapo nashuka mpaka 18, nyayo zinakuwa ndefu, gari linaelea. Kuna laga moja kabla ya Ngurunit ambayo mwaka mzima wa matairi ya zamani nilikuwa naivuka kwa koleo na kwa kuwalipa vijana. Siku hizi vijana wananipungia mkono, hawana furaha.

Na ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla hujakimbia. Tairi lenye upepo wa 18 likienda 90 linajikunja mno, linachemka, tabaka zinaachana kwa ndani, halafu utakuja kulaumu kampuni. Geji ya kituo cha mafuta usiiamini. Nimepima tairi moja kwenye vituo vitatu nikapata majibu matatu. Yangu ya mkononi nilinunua shilingi 1,500.

Matope ndipo yanaponiangusha, na hapa sitaki mtu adanganywe na neno "kila ardhi". Ule udongo mweusi wetu wa Utawala na Athi, mvua ya Aprili ikiupata, unaingia kwenye meno na hautoki. Kwa dakika moja una donati nne nyeusi. Mwaka jana nilikwama mita 300 kutoka getini kwangu, gari la milioni kadhaa, foo-bai-foo imewashwa, na mkokoteni wa punda wa maji ukanipita. Mwenye punda akasema, "Pole, mama," bila kusimama. Kama kazi yako ni udongo huo, nunua matairi ya matope yenye mapengo mapana na ukubali kelele na kuteleza kwenye lami. Kama wewe ni wa Mara mara mbili kwa mwaka, mpaka Sekenani ni lami, matairi yaliyokuja na gari yanatosha. Pesa hiyo lipia hoteli.

Ukifika dukani utaambiwa pia kuna KO3. Ni kweli, ndiye mdogo wake. Mimi sijamvaa.

Leo asubuhi nimepima meno: yalianza na karibu milimita 12, mbele yamebaki nane, nyuma saba kasoro, kwa sababu mzigo wote uko nyuma. Vile vituta vya mpira katikati ya mifereji, vinavyokuambia tairi limeisha, viko milimita 1.6, kwa hivyo bado niko mbali. Kila kilomita 10,000 nazungusha matairi yote matano. Jumatatu naenda Korr na pampu mpya. Kabla ya hapo spea inashuka, inaingia nyuma kulia, na lile la kulia linapanda chini ya gari kupumzika.