Linux kwenye kilaptopu cha mtumba na kwenye dashibodi ya IST: uzoefu wangu

Kilaptopu chenyewe ni cha inchi 10, prosesa Atom N270, RAM GB 1. Nilikinunua Kariakoo mwaka 2010 na mwaka huohuo nikakiwekea MeeGo, ule mfumo wa Linux wa Nokia na Intel uliokusudiwa kukaa kwenye simu, kompyuta ndogo na magari. Ulinipendeza, sifichi. Ila Februari 2011 Nokia wakahamia Windows Phone, Septemba Intel nao wakageukia mfumo mwingine, Tizen, na mimi nikabaki na mfumo usio na mwenyewe. Kilaptopu kikapanda juu ya kabati hapa Tabata, kikakaa miaka.

Mwanangu Neema ndiye aliyenikumbusha. Kila jioni ananyakua simu yangu kuandika kazi za shule, nikaona heri nikipanguse vumbi.

Nikaanza kwa kuunguza bando. Nilipakua antiX, Linux nyepesi ya kompyuta za zamani, ya biti 64 bila kufikiri, nikachomeka flashi, kioo kikaniandikia kwamba keneli, yaani kiini cha Linux, inataka x86-64 (biti 64) na hapa imekuta i686 (biti 32). N270 ni ya biti 32, basi. Nikanunua bando jingine, nikachukua antiX 23 ya biti 32, iliyojengwa juu ya Debian 12, Linux nyingine kubwa. Wenyewe wanasema RAM ya MB 512 inatosha kuanzia, na ni kweli: mashine inawaka, Wi-Fi ilishika bila kuhangaikia draiva, na LibreOffice inafunguka, ingawa mara ya kwanza unaweza kwenda kufunga geti ukarudi.

Kilichonitesa ni kioo. Kina pikseli 1024 kwa 600, hivyo madirisha mengine ya mipangilio yanazidi urefu wake na kitufe cha OK kinazama chini usikione. Wiki nzima nilikuwa nabonyeza Enter kwa kubahatisha. Dawa yake ni hii: shikilia Alt, kamata dirisha popote kwa kipanya, livute juu hadi kitufe kijitokeze. Neema sasa anafanya bila kuangalia kibodi.

Intaneti ni ya kuvumilia. Ukifungua tabu tatu za Firefox mashine inahema. Video nazichezesha kwa programu ya mpv kwenye 360p, zinakwenda bila kukwama. Mikutano ya video sahau kabisa. Na natamani menyu zote zingekuwa za Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux walishatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, tangu 2004, kwa hiyo si jambo lisilowezekana.

Mafanikio hayo yakanipa kichwa, nikahamia kwenye gari.

IST yangu ilitoka Japani na redio yake FM inaishia 90, wakati kwetu inafika 108, na kioo cha navigesheni kinaniandikia Kijapani kikidai kadi ya ramani. Fundi alitaka niweke redio ya Android. Mimi nikachukua Raspberry Pi 3 niliyokuwa nayo, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, kioo cha inchi 7, GPS ya USB, nikapakia Navit, programu ya kuonyesha njia, na ramani huria za OpenStreetMap. Kwa upande wa ramani sina la kulalamika. Tangu 2015 Ramani Huria walizunguka mitaa ya Dar na wanafunzi na wananchi wakichora, na vichochoro vya Tandale vimo, bila bando.

Tatizo ni umeme. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, chaja yangu ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari haikufika huko, alama ya radi ya njano ikawa haitoki kwenye kioo. Nikabadili chaja. Kumbe ukizima swichi ghafla, kadi ya SD inaweza kuharibika. Yangu iliharibika mara mbili, ya pili tukiwa foleni ya Buguruni. Mama Neema akaangalia kioo cheusi, akaniuliza taratibu: “Baba Neema, si ungemuuliza tu bodaboda?”

Nimewasha overlay kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, ili kadi isiandikwe wakati wa safari, na tangu hapo haijafa. Jua nalo: gari likishinda wazi mchana, Pi ikikaribia nyuzi 80 inapunguza kasi yenyewe, ramani inaburuta. FM ilibidi nirudi kwa fundi aniwekee kidude cha kuongeza stesheni.

Niliitazama pia Automotive Grade Linux, Linux ya magari, ile Toyota waliyoanza kuitumia kwenye Camry ya 2018. Hiyo ni ya watengeneza magari, si ya mtu wa Tabata mwenye bisibisi moja.

Kwa hiyo antiX naipa nane kwa kumi. Ya gari naipa tano, na mke wangu anaona nimependelea. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, hivyo antiX 23 nimeihifadhi kwenye flashi mbili. Moja iko kwa Neema, nyingine kwenye droo ya IST, pamoja na kadi ya SD ya akiba.