Kurios au despotes: lipi kati ya maneno haya mawili ya Kigiriki linabeba vizuri zaidi maana ya "Bwana"?

Swali hili hurudi kila mara katika vikundi vya kujifunza Biblia, na jibu linategemea unachotafuta.

Kwa wingi, kurios halina mshindani: katika Agano Jipya linatokea zaidi ya mara 700, despotes mara 10 tu.

Kwa upana pia kurios linashinda, ila upana huo una gharama yake. Mwanamke Msamaria anapomwita Yesu "Kurie" (umbo la kurios la kumwita mtu) kisimani (Yohana 4:11), huenda ni heshima tu kwa mgeni, kama tunavyosema "bwana" kwa mtu tusiyemjua. Lakini Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale, hutumia neno hilohilo mahali pa jina la Mungu, YHWH. Kwa hiyo Paulo anapoandika "Yesu ni Bwana", msomaji aliyelelewa na maandiko hayo alisikia jambo zito mno. Anayehubiri ukiri huo aanzie hapa.

Despotes ni jembamba na lina makali: mwenye mali, mwenye watumwa. Simeoni, aliyempokea mtoto Yesu hekaluni, analitumia (Luka 2:29) akimwomba Mungu kuachiliwa kama mtumwa aliyemaliza kazi, na kwangu picha hiyo inagusa kuliko kurios lingeweza. Kwa somo la enzi au umiliki wa Mungu, lichague hili. Tahadhari moja: usilisome kwa maana ya dikteta wa leo.

Yuda 4 ina yote mawili, na Biblia ya Union imeyatenganisha: "Mola" kwa despotes, "Bwana" kwa kurios.