Pasi ya kusafiria mjini: kabla ya kuuliza bei, uliza inaanza lini

Wasomaji wananiandikia kilio kile kile kwa maneno tofauti. Mtu kafika jiji kubwa Alhamisi jioni, kaenda dirishani, kanunua pasi ya wiki kwa bei kamili. Jumatatu asubuhi anagusa kadi langoni na taa nyekundu inawaka. Mashine haikukosea na kadi haikuharibika. Wiki ya pasi ile ilikwisha Jumapili usiku wa manane, kwa kuwa ndivyo inavyohesabiwa, na mnunuzi alikuwa amelipia siku saba akatumia tatu na kipande. Aliyemuuzia alilijua hilo wakati anapokea pesa.

Kwa hiyo leo sitalinganisha pasi kwa kanda za nauli zinazofika, kwa rangi za ramani, wala kwa punguzo la kuingia makumbusho. Hayo yameandikwa mpaka yamechosha. Nitazipanga kwa jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua kama umenunua au umeliwa: saa ya pasi inaanza kuhesabu lini, na inazimika lini.

Hesabu ya msingi ni fupi. Gawanya bei ya pasi kwa nauli ya safari moja. Jibu ni idadi ya safari unazotakiwa kufanya ili pesa yako irudi. Safari ya uwanja wa ndege iweke peke yake, maana mahali pengi ina nauli yake. Kisha orodhesha safari utakazofanya kweli, si zile unazotamani kufanya. Wengi hukosea hapo mwisho: wanahesabu siku saba za kusafiri kwa pasi ambayo, kwa siku waliyofika, ina siku nne ndani yake.

Ninayoipenda kuliko zote: OMNY ya New York

Naisema wazi, huu ndio mfumo wa kulipia nauli ninaoupenda, na ningependa kila jiji liuige. Huna haja ya kununua pasi kabla. Unagusa kadi yako ya benki, simu, au kadi ya OMNY yenyewe, na unalipa nauli ya kawaida kila safari. Tangu Januari 2026 nauli hiyo ni dola 3. Malipo yako yakifika dola 35 ndani ya siku saba, safari zilizobaki katika siku hizo za treni za chini ya ardhi na za mabasi ya kawaida ni bure. Ni kama safari 12, basi.

Uzuri wake uko kwenye zile siku saba. Zinaanza pale unapogusa kwa mara ya kwanza. Ukifika Jumatano, wiki yako ni Jumatano hadi Jumanne. Ukifika Jumamosi usiku, ni hivyo hivyo. Hakuna anayekuambia wiki yako ilianza kabla hujashuka kwenye ndege. Na mtu aliyepanga safari 20 kisha akaugua akafanya 6, amelipia 6. Katika pasi ya kununua mapema, ule ugonjwa ungekuwa faida ya muuzaji.

Masharti yapo mawili. La kwanza, gusa kwa kitu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kadi ya plastiki na simu yenye kadi ile ile ndani yake husomwa kama wasafiri wawili, kwa sababu simu hutoa namba yake tofauti. Leo ukigusa kwa simu na kesho kwa plastiki, una hesabu mbili zinazokwenda sambamba na huenda hakuna hata moja itakayofika dola 35. La pili, ile treni ndogo ya AirTrain ya uwanja wa JFK ina nauli yake na haimo katika hesabu hii, hivyo iandike pembeni kwenye bajeti.

Kadi za zamani za MetroCard zilikoma kuuzwa mwisho wa mwaka 2025. Ukikuta mwongozo unaokuambia ununue MetroCard ya siku saba, huo umepitwa na wakati.

Ya pili: pasi zinazohesabu kwa saa

Tofauti ya "siku moja" na "saa 24" ni kubwa kuliko inavyosikika. Tokyo Subway Ticket huuzwa kwa saa 24, 48 au 72, na saa zinaanza kukimbia unapoipitisha langoni mara ya kwanza. Ukianza saa kumi jioni Jumanne kwa ile ya saa 24, bado una pasi Jumatano hadi saa kumi jioni. Kwa mtu anayefika jioni, hiyo ni siku mbili za kuzunguka kwa pesa ya moja. Angalia tu kwamba inafanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi za Tokyo Metro na Toei, na haikubaliwi kwenye treni za JR, ambayo ni kampuni nyingine ya reli. Ile njia ya mviringo ya Yamanote ambayo kila mgeni huipanda ni ya JR.

Berlin nako kuna tiketi ya saa 24, na inahesabu tangu unapoigonga muhuri kwenye kimashine cha kituoni, si tangu unapoinunua. Ya karatasi lazima igongwe kabla ya kupanda. Mkaguzi akikukuta na tiketi halali ambayo haijagongwa, faini ni yuro 60, na maelezo yako ya ugeni hayatasikilizwa. Hata hivyo mfumo wenyewe ni wa haki: umelipia saa 24, unapata saa 24. Kwa uwanja wa ndege wa BER hakikisha tiketi inafika kanda C. Ya kanda A na B haitoshi.

Sasa linganisha na Navigo Jour ya Paris, pasi ya siku inayokufa usiku wa manane. Ukiinunua saa kumi na moja jioni una saa saba, na bei haipungui hata senti. Hiyo ninunue ya nini? Ukifika mchana, nunua safari moja moja siku hiyo, pasi ianze kesho asubuhi.

Ya tatu: London, kwa anayejua njia mbili

London inahitaji maelezo marefu kwa sababu sifa zake zimeenea na kasoro yake haisemwi. Kila mtu atakuambia: gusa tu kadi ya benki, kuna kikomo cha malipo cha siku na cha wiki, hutalipa zaidi. Ni kweli. Siku yao ya nauli inaanza saa kumi na nusu alfajiri na kwisha dakika moja kabla ya saa hiyo kesho yake, jambo zuri kwa anayerudi usiku sana. Lakini kikomo cha wiki kinahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Hicho ndicho kinachowala wanaofika katikati ya wiki.

Chukua viwango vya 2025 vya kanda 1 na 2: kikomo cha siku pauni 8.90, cha wiki pauni 44.70. Mtu anafika Alhamisi, anaondoka Jumatano, na kila siku anasafiri hadi kufikia kikomo. Kwa kadi ya benki, Alhamisi hadi Jumapili ni siku nne, pauni 35.60. Jumatatu hesabu inaanza upya: siku tatu nyingine, pauni 26.70. Jumla pauni 62.30. Hakufikia kikomo cha wiki hata mara moja, ingawa alikaa siku saba kamili.

Mtu huyo huyo angeweza kuweka pasi ya siku 7 iitwayo Travelcard kwenye Oyster, kadi ya usafiri ya London. Travelcard inaanza siku yoyote uichaguayo, na bei yake mwaka huo kwa kanda hizo ilikuwa pauni 44.70 zile zile. Tofauti ni pauni 17.60. Hata ukitoa ada ya kununua kadi ya Oyster, ambayo hairudishwi, bado umebakiwa na pesa. Lakini Travelcard haiwezi kuwekwa kwenye kadi ya benki, hivyo wageni wengi hawajui kama ipo.

Basi, kanuni yangu ya London: ukifika Jumapili usiku au Jumatatu, gusa kadi ya benki na usijisumbue. Ukifika kati ya Jumatano na Jumamosi na unakaa wiki nzima ya kuzunguka kila siku, Oyster yenye Travelcard. Ukikaa siku tatu nne, rudi kwenye kadi ya benki. Kumbuka kugusa wakati wa kutoka kwenye treni, la sivyo unatozwa nauli ya juu kabisa. Kwenye basi unagusa ukipanda tu. Heathrow iko kanda 6, hivyo Travelcard ya kanda 1 na 2 haikufikishi huko bila nyongeza. Na kila msafiri awe na kadi yake, hata mume na mke wenye akaunti moja.

Ya nne: Navigo ya wiki, kwa wanaofika Jumatatu tu

Hii ndiyo inayoniumiza, maana ni pasi nzuri sana yenye kalenda mbaya sana. Navigo ya wiki inafanya kazi Jumatatu hadi Jumapili, hakuna mjadala. Wiki inayoendelea inauzwa hadi Alhamisi. Kuanzia Ijumaa unauziwa wiki ijayo. Mtu anayefika Ijumaa na kuondoka Alhamisi inayofuata hana wiki inayomkaa vizuri hata moja.

Lakini ukiweza kupanga tarehe zako, ipange safari yako yote kuizunguka. Kwa bei za 2025, wiki ilikuwa yuro 31.60 kwa kanda zote, na treni ya kutoka uwanja wa Charles de Gaulle imo ndani. Tiketi ya uwanja wa ndege peke yake ilikuwa yuro 13. Kwenda na kurudi ni 26. Ongeza yuro 5 za kadi yenyewe ya Navigo Découverte kwenye bei ya pasi, unapata 36.60, ondoa zile 26, zimebaki yuro 10.60. Safari moja ya metro ilikuwa yuro 2.50. Kwa safari tano tu za mjini katika wiki nzima, pesa imerudi. Inafidia haraka, na inapoteza thamani haraka vile vile ukikosea siku. Beba picha ndogo ya pasipoti, kadi hiyo inaitaka.

Sydney nako kikomo cha wiki cha kadi ya Opal kinakwenda Jumatatu hadi Jumapili, kwa hiyo kasoro ile ya kikomo cha London iko huko pia.

Kadi za kuweka pesa

Octopus ya Hong Kong, iliyoanza 1997, na Suica ya Japani ni kadi za kutegemewa na zinanunua hadi maji ya kunywa dukani. Hazina wiki, kwa hiyo hazina kasoro ninayoipigia kelele. Lakini Suica haina kikomo pia: safari ya ishirini ya siku inatozwa kama ya kwanza. Nunua kwa ajili ya wepesi, usitegemee kuokoa. Nayo ina saa yake ya namna nyingine: kadi ya plastiki ya Welcome Suica ya wageni hufa baada ya siku 28, na salio lililobaki halirudishwi. Weka kidogo kidogo.

Tiketi moja moja za taslimu ni za dharura. Kwenye treni za chini ya ardhi za katikati ya London, ya taslimu ni zaidi ya mara mbili ya nauli ya kugusa kadi, na mabasi yao hayapokei taslimu tangu 2014.

Ya mwezi, na neno kwa wauzaji

Deutschland-Ticket inaonekana kama zawadi. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, na tangu Januari 2026 ni 63, kwa usafiri wa mijini na treni za mikoa Ujerumani nzima. Ila ni usajili unaojirudia kila mwezi wa kalenda. Ili usitozwe mwezi ujao, lazima uusitishe kabla ya tarehe 10 kupita. Anayefika tarehe 20 kwa wiki mbili amegusa miezi miwili, na anaweza kulipia yote miwili. Aliyefika tarehe 1 kwa muda ule ule analipia mmoja. Ukiichukua, sitisha siku hiyo hiyo uliyojiandikisha. Utaendelea kuitumia hadi mwisho wa muda uliolipia.

Sasa wauzaji. Mashine ya kisasa inajua leo ni Alhamisi. Inajua pasi anayobonyeza mgeni itakufa Jumapili. Kuweka sentensi moja kwenye kioo, "pasi hii inakwisha baada ya siku tatu, unaendelea?", hakuna gharama yoyote. Haiwekwi. Badala yake neno "wiki" linaandikwa kwa herufi kubwa na tarehe ya mwisho kwa herufi ambazo mtu aliyekaa kwenye ndege kwa muda wa saa nane hawezi kuziona. Vibanda vya viwanja vya ndege ndivyo vibaya zaidi: vinakusukumia pasi ya kitalii ya siku tano yenye punguzo la makumbusho usiyokwenda, na ukiuliza inaanza saa ngapi unaonyeshwa kijitabu.

Usikubali kijitabu. Uliza kwa sauti tarehe na saa ya mwisho, na kama hupati jibu, nunua safari moja ya kukufikisha unakolala. Pasi utaichagua kesho asubuhi ukiwa umepumzika na kalenda mkononi.